Choo cha Karavani: Kuko Mtu Ndani

Mgeni rasmi, pole na barabara.

Tunatanguliza pole kabla ya karibu kwa sababu tunaijua njia ya kutoka Goma mpaka hapa kwetu, juu ya Bweremana. Tunajua pale mbele ya Sake gari linavyozama kwenye shimo na kutoka, na abiria anavyogonga kichwa kwenye paa. Mgongo wa mkubwa na mgongo wa mama anayeuza mihogo, barabara ile haiibagui. Pole sana. Na sasa karibu.

Papa Mbonigaba, prezida wa kambi. Wajumbe mliofuatana na mgeni. Askari mliosimama kule juani, nanyi pia mna mama zenu. Ndugu zetu wote wa kambi ya Kwa Grégoire: tunawasalimu.

Anayesoma ni mimi, Joséphine-Marie. Kabla ya vita nilikuwa nikifundisha darasa la tatu huko Bihambwe. Siku hizi niko katika kikundi kinachotunza choo cha karavani, ile nyumba nyeupe ya magurudumu unayoiona nyuma ya hema la chakula. Wenzangu wamenichagua nisome kwa sababu wanasema nina sauti ya kunyamazisha watoto. Lakini maneno haya tuliyatunga pamoja, tukabishana, tukafuta, tukaandika tena. Ukisikia "sisi", ujue ni wamama wa kikundi, pamoja na Papa Jérémie, mtengenezaji wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mwanaume pekee wa kambi hii ambaye hakuona haya kushika ndoo yetu.

Mgeni rasmi, tungependa kusoma kwa furaha, kama inavyotakiwa. Utusamehe, tumechoka. Hata kitenge hiki cha sherehe tulichovaa tumekivaa kwa uchovu.

KARIBISHO

Wimbo uliousikia ulipoteremka garini ni wimbo tunaowaimbia wageni wote. Tunabadilisha jina tu. Usihuzunike kwa hilo. Wengine waliimbiwa jina la mgeni aliyetangulia, kwa kuwa hatukuarifiwa mapema nani anakuja. Jina lako wewe tumelipata sawasawa, na watoto wamelifanyia mazoezi tangu juzi.

Kiti ulichokalia kimetoka kanisani. Kitambaa cha meza ni cha Mama Fifi, mwenyekiti wa kikundi chetu, ambaye alikimbia nacho kutoka kwake akiacha masufuria. Tukamuuliza, "Mama Fifi, kitambaa kitapika nini?" Akasema, "Siku moja nitapokea mugeni." Basi ndiyo leo. Yeye mwenyewe humwoni hapa mbele kwa sababu yuko kazini. Tutalifikia hilo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaiamini methali hiyo. Tumekaa tukiisubiri itimie.

HISTORIA YA KARAVANI

Kambi hii iko kwenye shamba la marehemu Papa Grégoire, na jina lake ndilo linalotumika mpaka leo. Sisi tumetoka sehemu nyingi. Wengine Nyamitaba, kwenye malisho. Wengine Bihambwe, kwenye maharagwe na viazi. Wengine msituni Walikale. Vita vilipopanda tena Masisi, kila mtu alishuka na kile mkono wake ulichokamata. Huko nyuma kulikuwa na watu kati yetu ambao hawakusalimiana. Hapa wanapanga foleni moja ya maji, na ugomvi wao sasa ni nani ameweka bidon yake ya maji mbele ya nani.

Karavani ililetwa na Docta Stéphane na mke wake, watu wa shirika moja la dawa. Waliikokota kwa gari kubwa, na siku ilipofika kambi nzima ilisimama. Nyumba yenye magurudumu! Ndani kuna kitanda, kuna meza inayokunjwa, kuna kadirisha kenye pazia. Na kwenye pembe kuna kichumba chembamba, ukiingia unageuka kwa taabu, na mle ndani kuna choo.

Tulishangaa, hatutaficha. Mama Augustine, mkunga wetu kutoka Walikale, alitoka mle akiwa ameshika mdomo. "Banakunya mu nyumba yenye banalala?" Alisema hivyo hivyo, mgeni rasmi, na tukikusomea vingine tutakuwa tumekudanganya. Kwetu choo kinakaa mbali na kitanda na mbali na jiko. Mtu anayejisaidia ndani ya nyumba ni mgonjwa au mtoto mchanga. Tulicheka wiki nzima.

Mama Fifi ndiye aliyekuwa akiwafanyia usafi wale wageni, kwa hiyo yeye ndiye aliyefundishwa kwanza. Halafu risasi zikaanza kusikika upande wa juu. Shirika lao likaita watu wake wote warudi Goma kwa mashua. Docta Stéphane alimwita Mama Fifi, akamwekea funguo mkononi, akamwambia, "Vumilieni kidogo. Nitarudi Jumatatu."

Ndipo tulipopata jina la kikundi chetu, Tuvumilie Kidogo. Tulidhani ni jina la kufika Jumatatu. Jumatatu zimekuja nyingi sana tangu siku ile, na Docta hatumlaumu, huenda aliitwa nchi nyingine yenye vita kuliko yetu, kama ipo.

Hema la wazazi lilipochanika kwa upepo, Mama Augustine alituuliza swali moja tu. "Ile kitanda ya muzungu inalala bure?" Tangu hapo karavani imekuwa mahali pa kuzalia. Na kile choo tulichokicheka kikawa ndicho kitu cha kwanza mwanamke mwenye uchungu anachokiuliza akipanda ngazi.

Mgeni rasmi, wewe ni mwanaume, tutakueleza polepole. Vyoo vya shimo vya kambi viko kule chini, mwisho wa mteremko, penye migomba. Viliwekwa pale kwa sababu hapa juu ukichimba kidogo unakuta jiwe. Mteremko ni wa udongo mwekundu. Na ile migomba ina njia ndani yake, na njia ile inapitwa na watu wenye bunduki, leo wa kundi hili, kesho wa lile. Mwanamke mzima anashuka kule na mwenzake, mmoja akiingia, mwingine anasimama. Sasa mwanamke ambaye tumbo linamkata, au aliyejifungua jana na miguu inatetemeka, atashuka vipi? Kwa hiyo choo cha karavani si anasa. Tunakwambia mapema ili usije ukafikiri tunajivunia ufalme.

KAZI TUNAYOIFANYA

Choo kile hakina shimo chini yake. Kina tanki dogo, Docta aliliita kasete, ambalo linachomolewa kwa nje kupitia kamlango. Mtu akimaliza, anavuta mkono mdogo, kifuniko kilicho chini ya bakuli kinafunguka, uchafu unaanguka kwenye tanki, kifuniko kinarudi. Kati ya bakuli na tanki kuna duara la mpira. Papa Jérémie na mafundi wenzake wanaliita jointi. Jointi ikiwa nzima, nyumba haina harufu. Jointi ikiharibika, mama na mtoto wake mchanga wanalala juu ya harufu.

Tanki likikaribia kujaa kulikuwa na kataa kekundu kanakowaka. Kalizimika zamani, betri ilikufa. Sasa tunagonga ubavuni na kusikiliza, kama mtu anavyogonga pipa la maji. Likijaa tunalichomoa. Magurudumu yake madogo yalivunjika kwenye mawe, kwa hiyo tunalitundika kwenye mti mrefu wa kubebea begani, mmoja mbele, mmoja nyuma, tunateremka nalo mpaka kwenye shimo. Kichwani hatuliweki. Kichwa cha mama kinabeba chakula, na hilo tulikubaliana bila mkutano. Tukipita na tanki letu watu wanatupisha haraka kuliko wanavyompisha komanda. Hata ninyi waheshimiwa hampishwi vile.

Tukishamwaga tunasuuza, tunatikisa, tunamwaga tena. Halafu inatakiwa dawa ya bluu, inayoyeyusha uchafu na kuua harufu. Dawa aliyoacha Docta iliisha. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mtu mzuri, anayetusaidia bila kuombwa, alitutafutia Goma akatuletea chupa ya bluu kabisa. Tulishangilia. Tukaitia. Kumbe ilikuwa ya kusafishia vioo vya magari. Mama aliyeingia baadaye alitoka mbio, povu linamfuata mpaka mlangoni. Siku hizi tunachemsha majani ya mikaratusi, tunakamulia ndimu, tunatia na sabuni ya unga kidogo. Si dawa, lakini afadhali.

Kuhusu jointi, tuna habari ya kusimulia, na tunaisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, Mama Nyiransabimana, aliyeketi pale mstari wa mbele na kitenge cha kijani.

Jointi ilianza kukauka na kupasuka. Tulikaa tukaulizana, mpira ukikauka unafanyiwa nini? Mama Augustine wa msituni alisema mawese, kwa sababu kwao mawese yanatibu kila kitu. Nyiransabimana akakataa. Yeye ni binti wa wafugaji wa Nyamitaba. Alisema, "Mawese inaacha rangi. Mupira iko sawa ngozi. Kwetu ngozi ikikauka, tunapaka siagi ya ng'ombe." Kwao siagi ni ya kumpaka mtoto mchanga, bibi arusi, na vibuyu vya maziwa. Hailiwi hovyo. Wakati wa kukimbia aliacha kila kitu, lakini alibeba kibuyu kidogo cha siagi, cha mwisho, kwa sababu ng'ombe wenyewe walichukuliwa siku ileile. Akakileta. Akaipaka ile jointi kwa kidole, taratibu, kama anampaka mtoto.

Ilipendeza! Kifuniko kiliteleza kama kipya. Tulimpigia makofi.

Panya wa kambi hii, mgeni rasmi, wana njaa kama sisi. Siagi hawajaiona tangu vita vianze. Walipanda usiku kwenye kamlango ka nyuma, na asubuhi tulikuta wamekula siagi, na jointi wameila pamoja nayo. Kulibaki vipande. Nyiransabimana alivitazama, akakaa chini, tukafikiri analia. Alikuwa anacheka. "Ng'ombe yangu imelisha panya!" Tukacheka naye mpaka machozi. Ile ilikuwa mara ya mwisho tulipomsikia akicheka namna ile.

Papa Jérémie akakata jointi nyingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi, ule anaovalisha magurudumu ya chukudu. Hii ni ya tatu sasa. Inavuja, lakini inashika. Panya hawaipendi.

MATATIZO

Tumeambiwa risala nzuri haina matatizo mengi. Papa Mbonigaba alituomba tuyafupishe. Tumeyafupisha, Papa, usianze kukohoa.

Maji ni ya kusubiri. Glavu tulizoachiwa zimetoboka vidole, tunazivaa kwa heshima tu. Sabuni mara ipo mara haipo. Vyoo vya shimo vinajaa mvua ikinyesha, na mlango wa kile cha wanawake uliibwa ukawa kuni. Hatumtafuti mwizi, naye alikuwa na sufuria isiyo na moto.

Lakini tatizo lenyewe, lile lililotufanya tubishane mpaka tukagombana wakati wa kuandika, ni choo cha mgeni.

Kila mkubwa anapokuja kutuona, sisi huamriwa tutoe watu karavani, tusugue choo, tuweke sabuni ya kunukia na taulo, tufunge mlango, tusubiri. Kwa sababu mkubwa hawezi kushuka kwenye shimo. Tulilikubali hilo. Sisi ni watu wenye adabu. Kwetu mgeni anapewa kitanda na mwenye nyumba analala chini, na kuku anayebaki ndiye anayechinjwa. Hakuna aliyetulazimisha kwa fimbo. Adabu yetu wenyewe ilitutosha.

Msimu wa mvua uliopita alikuja mgeni mwingine. Hatutamtaja, hakufanya kosa lolote, hata hakujua. Siku ile Nyiransabimana alikuwa karavani, uchungu umemshika tangu asubuhi. Papa Mbonigaba alifika anahema. Akasema, "Mama Fifi, mutoe ule mama. Mugeni iko Sake, anakuya saa yoyote. Choo iwe propre, safi kabisa."

Mama Fifi akasema, "Papa, uyu mama iko na maumivu."

"Atangoja kidogo. Mukubwa haezi enda mu shimo."

Mama Augustine akadakia kutoka ndani, "Mutoto hangojake mukubwa!"

Papa Mbonigaba naye alikuwa anaogopa. Tunakusomea hili mbele yake kwa sababu yeye ni mkimbizi kama sisi, analala chini ya turubai kama letu. Aliogopa mgeni akichukizwa, chakula kitachelewa, na kikichelewa watoto wa kambi nzima watalia. Sisi pia tuliogopa hilo. Tukamwinua Nyiransabimana kwa mkeka, tukampeleka kwenye hema lile lililochanika. Alitusaidia hata kukunja mkeka. Alisema, "Si ni mugeni, mumupokee muzuri." Halafu tukarudi kusugua choo. Tulikisugua vizuri mno.

Mgeni alichelewa. Mvua ikatangulia. Yule mama akataka kwenda haja, kama wanavyotaka wanawake wote saa ile, na choo kilikuwa kimefungwa kinamsubiri mtu. Mama Augustine alimshika mkono upande mmoja, wakashuka kwenye ule mteremko. Udongo ulikuwa umeloa. Waliteleza wote wawili.

Mtoto alizaliwa pale pale, kwenye tope, karibu na mlango usio na mlango. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Mama Augustine alimpulizia, akampigapiga, akamgeuza, akampulizia tena. Hakulia.

Mgeni alifika baadaye kidogo. Alituhutubia vizuri, akatutia moyo. Alipokuwa anarudi garini aliionyesha karavani akauliza ni nini. Akaambiwa, "Ni choo yako, Excellence, tumekutayarishia." Akatabasamu, akasema, "Ah, merci. Sina haja." Akapanda gari wakaondoka kabla giza halijaingia.

Sabuni ilikuwa haijaguswa. Tulikaa tunaitazama ile sabuni. Hatukujua tuifanyie nini, mwisho tuliitumia kumwogeshea marehemu.

Mgeni rasmi, maji tuliyomimina tangu siku ile tumeyamimina na machozi, na hatuoni aibu kukwambia. Hatukuja kumlaumu mtu. Tunakwambia ili ujue kwa nini leo tumefanya tulichofanya.

YALIYOTOKEA LEO

Tulipewa habari ya ujio wako, tukaamriwa kama kawaida. Na tulitii kama kawaida. Asubuhi hii choo kilikuwa tayari. Mama Fifi alikisugua mwenyewe, Papa Jérémie akakaza jointi, sabuni ya waridi tukaiweka. Papa Prezida, tulipokwambia "choo iko tayari" hatukukudanganya. Kilikuwa tayari kwa ajili ya mgeni rasmi.

Halafu Bibiche akaja.

Bibiche ni msichana wa Walikale, aliyefika hapa kwa miguu pamoja na shangazi yake. Mume alienda machimboni akakatika habari. Mimba hii ni ya kwanza. Alikuja akijishika kiuno, akaona zile bendera ndogo na kiti cha kanisani, akaelewa. Akatuambia, "Basi nitaenda kule chini kwanza, nitarudi mugeni akienda." Anaongea polepole, ana adabu kama Nyiransabimana alivyokuwa nayo.

Hatukuitisha kikao. Nyiransabimana ndiye aliyemshika mkono. Akampandisha ngazi za karavani, akamlaza, akatoka, akaketi pale alipo sasa. Mama Augustine akaingia. Kiti kile kitupu, mgeni rasmi, ni chake, na ndiyo maana hajaja kukusalimu.

Mama Fifi amekaa kwenye ngazi ya mlango. Kijana wako wa protokali, yule mwenye tai, alienda kumwomba afungue. Tulimsikia, sote tulikuwa tunanyoosha masikio. Alisema kwa upole, "Mama, ni agizo, fungua." Mama Fifi akamjibu lile neno ambalo kila mtu hujibu choo kikigongwa. "Mwanangu, kuko mutu."

Kijana akagonga tena. Mama Fifi akarudia, "Kuko mutu ndani."

Papa Mbonigaba, sasa unaweza kukohoa. Lakini tunakuomba usiinuke. Ukiinuka, inabidi sisi wote tuinuke, na hatuna nguvu. Tumechoka, Papa. Nawe umechoka, tunakuona unavyopita kwenye mahema na ile jaketi yako. Kaa.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi. Tuliyasoma kwa sauti siku ya kuandika, tukaona yanafanana na yale tuliyompa mgeni aliyepita, na yule aliyemtangulia. Tukayapunguza.

Tunaomba jointi moja ya kweli, na nyingine ya akiba. Ni duara la mpira tu, linaweza kuingia mfukoni mwa koti lako. Tunaomba dawa ya bluu, ile ya choo, si ile ya vioo. Tunaomba hema la wazazi lenye kuta, na vyoo vya wanawake vyenye mlango, sehemu ambayo mtu hahitaji kuteremka kwa matako. Tungeomba amani, lakini kijana wako alituambia tuandike vitu vinavyowezekana.

Na tunaomba kambi hii isiwe tena na choo cha mgeni. Hilo halihitaji gari la kulileta. Linahitaji useme neno moja hapa, mbele ya viongozi na askari, kwamba aliye ndani ya karavani asitolewe na yeyote, hata aje nani. Ukisema wewe, Papa Mbonigaba atalala usingizi, nasi tutalala. Maana tukisema sisi, linakuwa neno la wasafisha choo.

Bibiche hajui kwamba tunasoma habari zake. Kama ameisikia sauti hii kupitia kale kadirisha, basi dada, kaa. Hakuna anayekuja.

KUMALIZIA

Mgeni rasmi, tumefika mwisho, na tunakushukuru kwa uvumilivu. Tumekuona tangu nilipofika kwenye habari ya jointi unavyobadilisha miguu, unakunja huu, unakunjua ule. Usione haya. Njia ya Goma ni ndefu, chai yetu ina maji mengi, na mwili wa binadamu ni mmoja. Wamama wamekuwa wakinong'onezana na kukuonea huruma. Tungekuwa na pengine pa kukupeleka tungekupeleka.

Choo kiko kule chini, mwisho wa mteremko, penye migomba. Mlango hakina, tumetundika kitenge. Tumemwaga majivu, tumefagia, tumeweka na ile sabuni ya waridi. Askari wako mmoja asimame upande wa njia, ndivyo tunavyofanya sisi.

Kwetu mgeni hanawi peke yake, anamiminiwa maji na mtu wa heshima wa nyumba. Tulimchagua wa kukumiminia. Ni Mama Nyiransabimana, ndiye huyo anayeinuka na birika. Ameomba mwenyewe. Atatangulia mbele, nawe umfuate, uweke mguu pale anapoweka yeye, kwa sababu anapajua.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Awape watoto wako kulia kwa sauti siku ya kuzaliwa kwao. Akurudishe Goma salama. Na kwanza kabisa akushike mkono kwenye ule mteremko, mgeni rasmi, maana jana ilinyesha na panateleza.

Ni sisi wako,
Kikundi cha kutunza choo cha karavani, Tuvumilie Kidogo,
Kambi ya Kwa Grégoire, Bweremana.